Maradhi ya Wasiwasi na Mizani Yake

Msomaji mwenzangu, kuna swali dogo lililotuchukulia jioni mbili barazani, na mpaka leo halijapoa. Mmoja wetu, mtu mwenye mapenzi na michezo ya kuigiza, alitaka kufasiri Le Malade imaginaire, tamthilia ya mwisho ya Molière, yule mtunzi wa Kifaransa wa karne ya 17. Tamthilia yake nyingine, ile ya mkata kuni aliyefanywa mganga kwa kupigwa bakora, ilikwisha kuvishwa Kiswahili zamani kwa jina la Tabibu Asiyependa Utabibu. Hii ya mwisho inamhusu tajiri mmoja, Argan, mwenye viungo vizima na sauti ya kugombeza nyumba nzima, lakini aaminiye kutwa kucha kuwa yu mahututi. Mwenzetu alikwama kwenye jina. Mtu kama huyu aitweje kwa Kiswahili?

Majibu yalimiminika. Mmoja alisema aitwe Mwenye Kujigonjweza. Wa pili, aliyelelewa na bibi mkali, alisema huo ni mdeko, basi. Wa tatu alipendekeza Mgonjwa wa Dhana, na jina hilo likapata wafuasi. Mzee wetu wa baraza, aliyekuwa kimya muda wote, alisema taratibu: "Huyo ana wasiwasi, wanangu. Mwatafuta nini tena?" Tulicheka, tukaendelea kubishana. Leo naandika kusema kwamba mzee alikuwa na haki, na kwamba jambo lenyewe linavuka mipaka ya kamusi. Fauka ya hayo, nina deni langu mwenyewe katika suala hili, nami nitalitaja mahali pake.

Wenzetu wa Ulaya wanalo neno moja, hipokondria, nao wamelirithi kwa Wayunani. Katika asili yake neno hili halina hofu wala dhana ndani yake. Ni jina la mahali mwilini, chini ya gegedu la mbavu, penye ini na wengu. Matabibu wa kale, Galen wa karne ya 2 akiwa mmoja wao, waliamini kwamba kuna namna ya huzuni nzito inayoanzia hapo na kupanda kichwani mithili ya mvuke. Elimu hiyo ikapokewa na matabibu walioandika kwa Kiarabu. Is-haq bin Imran wa Qayrawan, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 10, aliandika risala juu ya huzuni hiyo, na aina yake ya tumboni akaieleza kwa urefu. Katika karne ya 11 Constantine Mwafrika akaigeuza kwa Kilatini, nayo ikasomwa Ulaya kwa muda mrefu. Kidogo kidogo neno likapanda kutoka tumboni hadi akilini. Baina ya 1777 na 1783 James Boswell aliandika makala 70 katika gazeti moja la London akijiita kwa jina hilohilo, na maana yake kwake ilikuwa ni mtu mwenye moyo mzito, aliyeelemewa na nafsi yake. Baadaye ndipo neno lilipobanwa likamaanisha mtu aogopaye maradhi asiyokuwa nayo.

Nimeisimulia safari hii kwa sababu inatufunza jambo. Neno tunalolionea wivu halikuzaliwa na maana yake. Lilikuwa jina la sehemu ya mwili, na watu wakalihamisha kwa mahitaji yao. Nasi basi tuna ruhusa ya kutazama tulicho nacho ndani kabla ya kwenda kuazima kwa jirani.

Tuanze na kujigonjweza. Kitenzi hiki kimeumbwa kwa ufundi, na kina maana mbili zinazolala kitanda kimoja: kujifanya mgonjwa na kujitia ugonjwa. Lakini mtu alitumiapo neno hili mtaani, maana ya kwanza hupiga kelele na ya pili hunyamaza. Mtoto asiyetaka kwenda chuoni hujigonjweza. Mtumishi anayeikimbia kazi hujigonjweza. Hilo ni neno la mshitaki: lamtuhumu mtu kwa uongo. Na Argan hasemi uongo. Kila analolisema juu ya tumbo lake analiamini kwa moyo wote, tena analilipia fedha.

Mdeko nao haufai. Anayedeka ahitaji mtazamaji. Hadeki mtu katika chumba kitupu. Mwenye hofu ya maradhi huzidiwa akiwa peke yake, saa nane za usiku, nyumba nzima imelala, naye yu macho akisikiliza moyo wake kama mlinzi asikilizaye nyayo nje ya ukuta.

Mgonjwa wa Dhana ni jina lenye heshima, na kwa hakika ndilo lililo karibu zaidi na maneno ya Kifaransa. Ila dhana ni jambo la akili tulivu. Mtu hudhani, akapata ushahidi, akaiacha dhana yake akaenda zake. Huyu tunayemsema hupimwa damu, akaambiwa hana kitu, akarudi nyumbani amefurahi, na siku ya tatu akaanza kujiuliza kama kile kichupa kilikuwa chake au cha mwingine. Dhana haina tabia hiyo ya kurudi.

Wasiwasi ndio wenye tabia hiyo. Neno tumelipokea kutoka Kiarabu, waswas, na wajuzi wa lugha hiyo hulieleza kuwa ni mnong'ono wa chini, hata mlio hafifu wa mapambo ya mwanamke anapotembea. Tazama lilivyoumbwa: silabi moja imerudiwa, kama mtu anong'onaye sikioni bila kuchoka. Watu wa pwani walilizoea tangu chuoni, maana limo katika sura ya mwisho kabisa ya msahafu, ambako mnong'onaji huyo hutajwa pamoja na tabia yake ya kurudi nyuma na kujificha. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi, na humo akaitengea waswasi mlango wake, mbali na milango ya hofu, hasira na huzuni. Aliona kwamba ni kitu cha peke yake.

Uzuri wa neno hili ni kwamba halimtuhumu mtu. Mwenye wasiwasi hakuitwa mwongo. Ameitwa msikilizaji wa sauti isiyomwachia nafasi. Maumivu yake yanabaki ni maumivu. Na katika hili neno letu lina jamaa yake wa Kibantu, kuugua. Kuugua ni kuwa mgonjwa, na kuugua ni kutoa sauti ya maumivu, kama washairi wetu wanavyolitumia kwa mpenzi aliyeachwa. Lugha iliyofanya maana hizo mbili kuwa neno moja haikumtaka mtu cheti kabla ya kumsikiliza. Kwa muda mrefu diwani zetu na nyimbo zetu za taarabu zimempa kitanda mgonjwa wa mapenzi, ambaye hakuna hakimu ajuaye dawa yake, wala hatujamwambia hata mmoja kwamba anajigonjweza.

Sasa tuitazame tamthilia yenyewe, tuone kama jina hili linaitosha.

Pazia linapofunguka, Argan yu peke yake mezani akizikagua hesabu za muuza dawa wake, na kila dawa anaipunguzia bei. Hesabu inamwambia kwamba mwezi huu amekunywa dawa 8 na kupigwa bomba la tumbo mara 12, hali mwezi uliopita dawa zilikuwa 12 na mabomba 20. Hitimisho lake ni kwamba si ajabu mwezi huu hajisikii vizuri kama ule mwingine. Ukumbi hucheka, nami nimecheka kila nilipoisoma. Lakini tuhakiki kicheko chetu. Mtu huyu ana tarakimu zote, na tarakimu zote ni sahihi. Kilichopinda ni kitu kinachouliza maswali. Huo ndio wasiwasi: hujenga nyumba ya makosa kwa matofali ya kweli.

Pili, tuangalie ni nani wanaomnong'oneza. Tabibu wake Purgon, alipokasirishwa kwa kuwa dawa yake haikutumiwa, anamlaani kwa ngazi za maradhi, kila moja kwa jina lake la kitaalamu, kutoka uzito wa tumbo mpaka kuhara damu, mpaka mwili kujaa maji, mpaka mauti. Argan anazisikia laana hizo naye anajiona tayari anakufa. Kijakazi wake Toinette anajivika joho, anajitia kuwa tabibu wa miaka 90, na kila dalili anayotajiwa anaijibu kwa neno moja: mapafu. Mara nyingi wahakiki wamesema kwamba Molière aliwacheka matabibu, na ni kweli. Ila lililo kubwa zaidi ni kwamba aliyaonyesha maneno yakifanya kazi ya maradhi. Mwili wa Argan haukupata kitu kipya katika tamthilia nzima. Masikio yake ndiyo yaliyojazwa.

Kisha lipo lile ambalo mtunzi hakuliandika. Molière mwenyewe ndiye aliyecheza nafasi ya Argan, naye kwa miaka kadhaa alikuwa na kifua kibovu na kikohozi. Katika kitendo cha tatu, Béralde, nduguye Argan, anamshauri aende akatazame michezo ya Molière ili acheke kidogo. Argan anapandwa na hasira na kusema kwamba angekuwa yeye ni tabibu, angemwacha huyo Molière afe bila ya msaada. Maneno hayo yalitoka kinywani mwa Molière mwenyewe. Onyesho la kwanza lilikuwa tarehe 10 Februari 1673. Katika onyesho la nne, tarehe 17, alishikwa na maradhi jukwaani, akajikaza mpaka mwisho, akachukuliwa nyumbani, na usiku uleule akafariki. Mgonjwa wa kweli alikuwa amevaa nguo za mgonjwa wa wasiwasi, na ukumbi haukuweza kuwatenganisha. Tangu siku ile, anayejivuna kwamba aweza kwa jicho tu kumjua anayeumwa na anayedhani anaumwa, na aikumbuke Paris ya 1673.

Hapo ndipo nilipoona kwamba swali la nani mgonjwa wa kweli halitufikishi mbali katika uhakiki. Nikatafuta mizani nyingine, nikaipata karibu na nyumbani.

Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia utenzi binti yake Mwana Hashima. Wahakiki wameubishania sana utenzi huo kwa yale unayoyasema juu ya utiifu wa mke. Hapa nina jambo jingine. Mwana Kupona alitunga akiwa mgonjwa. Aeleza mapema kwamba maradhi yamemkaa mwaka mzima, yakamzuia asipate wasaa wa kusema na mwanawe. Maelezo hayo ni mafupi mno. Baada ya hapo anamwita binti yake asogee na wino na karatasi, na utenzi wenye beti zaidi ya 100 unamgeukia yeye: atakavyoishi, atakavyosema na watu, atakavyomwomba Mola wake. Maneno yenyewe anayaita hirizi, anayaita kidani cha lulu na marijani cha kumvika shingoni.

Argan naye ana binti, Angélique. Binti huyo anampenda Cléante, lakini baba ataka kumwoza kijana mpumbavu, Thomas Diafoirus, kwa sababu kijana huyo anasomea utabibu, na baba ataka awe na tabibu ndani ya ukoo wake, karibu na kitanda chake. Hapa ndipo mizani inapolala. Mwana Kupona aliyageuza maradhi yake yakawa hirizi ya mwanawe. Argan alimgeuza mwanawe akawa dawa ya maradhi yake. Sitaki nieleweke kwamba mmoja ni mwema na mwingine ni muovu, maana hapo nitakuwa nimerudi kwenye kiti cha mshitaki. Nasema kwamba hivi ndivyo wasiwasi ufanyavyo kazi. Huyageuza maneno yote yaangalie ndani, mpaka mtu mpenzi wako ukamwona kama chupa juu ya rafu. Na Molière alilijua hilo. Karibu na mwisho Argan anajifanya maiti ili awajaribu watu wa nyumba yake. Mkewe wa pili anafurahi na kuanza kuziwazia fedha. Angélique anapiga magoti na kulia. Katika nyakati hizo chache baba anamtazama binti yake naye hausemi ugonjwa wake. Lakini hazidumu: mara tu anapoiridhia ndoa, anaweka sharti kwamba Cléante asomee utabibu, na hatimaye Argan mwenyewe anavikwa joho la tabibu kwa sherehe ya Kilatini kilichovunjwavunjwa. Wasiwasi haukupona, ulipewa cheo.

Nimesema nina deni. Nilipokuwa kijana nilikuwa na mjomba wangu ambaye kila akikaa barazani alishika kifundo cha mkono akihesabu mapigo, midomo ikitikisika. Alikuwa na mkoba wa vidonge, na alijua kila dalili ya kila homa. Nami ndio kwanza nimejifunza vina na mizani, natafuta wa kumtungia. Nikamtungia yeye, nikazisoma beti zangu mbele ya watu usiku wa harusi moja. Ubeti uliopendwa ulikuwa huu:

Mjomba akiamka, mshipa ajipapasa,
Na jua likishatoka, dawa ya pili agusa,
Mchana ataanguka, jioni atoa visa,
Kila usiku azikwa, asubuhi yuaposa.

Watu walicheka mpaka wakapiga meza. Mjomba naye alicheka. Leo nauhakiki ubeti huu kama ningeuhakiki wa mtu mwingine, naona mizani yake imetimia na maana yake imepungua. Mjomba hakuwa na posa yoyote. Neno hilo niliitiwa na kina cha "sa", nami nikaitika. Wala hakuwa akitoa visa. Alikuwa akiuliza: "Hivi nyinyi hamsikii mapigo yenu yakiruka?" Swali lake halikuingia katika mizani, nikalitupa.

Baada ya harusi ile aliacha kuhesabu mapigo mbele zetu. Sote tuliona amepona. Miaka michache baadaye alipoanza kukonda, hakumwambia mtu. Alijifunga koti, akasema ni kazi tu. Kwetu twasema mficha maradhi kifo humuumbua, na ikawa hivyo. Sisemi kwamba beti zangu zilimuua, maana hata tabibu aliyemwona mwisho hakuweza kusema kama angepona lau angekwenda mapema. Ninalolijua ni kwamba alikuwa na neno la kusema, nami nilikwisha kuliwekea kicheko mlangoni.

Wataalamu wa siku hizi nao wameanza kuliogopa jina la zamani. Mwaka 2013 chama cha madaktari wa akili wa Marekani kililiondoa neno hipokondria katika mwongozo wao, moja ya sababu ikiwa ni kwamba lilikwisha kuwa tusi, wakaweka majina mawili mapya mahali pake. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya maradhi iliyoanza kutumika mwaka 2022, limelibakisha neno lakini limeihamisha nyumba yake: hofu hii sasa imewekwa pamoja na maradhi ya mawazo yanayorudi kwa nguvu, yale ambayo Waarabu huyaita waswasi wa kulazimisha. Kwa maneno mengine, baada ya safari ya karne nyingi kutoka chini ya mbavu, jambo hili limefika pale mzee wetu wa baraza alipokuwa amekaa akitungoja. Na mwisho wa mwaka 2023 ulichapishwa uchunguzi wa Uswidi juu ya watu zaidi ya 4,000 waliothibitishwa na madaktari kuwa na hali hii. Walionekana kufa mapema kuliko wenzao wasio nayo, na hatari ya kujiua kwao ilikuwa karibu mara nne. Asiyekuwa na kitu, basi, ana kitu.

Alhasili, rai yangu kwa mfasiri wetu ni hii: tamthilia na iitwe Mgonjwa wa Wasiwasi. Najua pingamizi. Wasiwasi kwetu ni neno pana: mtu huwa na wasiwasi wa jahazi lililochelewa, wa mtihani, wa mvua. Ndiyo maana tunapotaka kuwa wazi tuseme wasiwasi wa maradhi, na upana uliobaki tuuache, kwa kuwa unatukumbusha kwamba mgonjwa huyu ni jamaa yetu sote, ila kwake mnong'ono haukatiki. Kujigonjweza tuwaachie watoto wanaokimbia chuo.

Kwa washairi wa kurasa hizi nina ombi. Wazee walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Tuna mashairi mengi ya mgonjwa wa mapenzi, na tuna beti za kejeli za kutosha, yangu ikiwa mojawapo. Sijaona bado shairi linaloingia katika chumba kile cha saa nane za usiku, likakaa kitandani na mtu anayehesabu mapigo yake, likahesabu pamoja naye bila ya kumcheka. Atakayelitunga, mizani nane kwa nane itamfaa sana, maana nayo ni hesabu. Mimi nimejaribu mara tatu, na kila nikifika kwenye swali la mjomba, kina hunikatalia.